Watu 300,000 wa Likoni: ni watu, au ni safari?

Kila mjadala wa kivuko cha Likoni unapozuka, namba mbili hutangulia kabla ya hoja yoyote: watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Utazisikia kwenye hotuba za wanasiasa na kwenye taarifa za mashirika, na sisi wanahabari tumezirudia mpaka zimekuwa kama sehemu ya jina la mahali. Kuzitaja si vibaya. Tatizo ni kwamba hiyo ya kwanza haisemwi ni namba ya kitu gani.

Tuitazame kwa utulivu. Sensa ya 2019 iliwapata watu 250,358 katika eneo zima la Likoni, wachanga wa mgongoni na vikongwe wakiwemo. Kama kweli watu 300,000 tofauti huvuka kila siku, basi Likoni yote ingehamia kisiwani kila asubuhi, na bado wangehitajika karibu 50,000 kutoka Ukunda, Diani, Msambweni na kwingineko Kwale. Hilo ni gumu kuamini. Linaloelekea ukweli ni kwamba hizo ni mara za kuvuka. Anayekwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni amehesabiwa mara mbili. Wengi wakienda na kurudi hivyo, namba ileile inamaanisha watu kama 150,000, yaani nusu.

Msomaji anaweza kuuliza, sasa iko wapi shida? Feri itabeba miguu ileile. Kwa feri, ni kweli. Kwa anayepanga daraja, barabara, kituo cha matatu au ushuru wa miaka ishirini ijayo, tofauti hiyo ndiyo kila kitu, maana yeye haanzi kwa kuhesabu feri. Anaanza kwa kuhesabu nyumba.

Nyuma ya kila mradi mkubwa wa barabara siku hizi kuna modeli ya usafiri, hesabu ndefu ya kompyuta inayobashiri nani atatoka wapi kwenda wapi, kwa chombo gani na kwa njia ipi. Kwa desturi ina hatua nne. Kwanza huhesabiwa safari ngapi zinazaliwa katika kila mtaa na ngapi zinavutwa na kila mtaa. Pili, safari za Mtongwe zinaunganishwa na kazi za bandarini, za Bamburi na soko la Kongowea, na kadhalika. Tatu, zinagawanywa kwa vyombo: miguu, matatu, tuktuk, bodaboda, gari la mtu binafsi. Nne, zinamwagwa barabarani kuona wapi patajaa. Hatua ya kwanza, uzalishaji wa safari, haina picha za kupendeza za kuonyesha kwenye mikutano. Lakini kosa likiingia hapo, linapitishwa salama kwenye hatua zote zinazofuata, na mwishoni linatoka likiwa limevaa suti: idadi ya njia za daraja, urefu wa mkopo, bei ya kuvuka.

Na hapa kwetu pesa zinazozungumzwa si haba. Mpango mkuu wa maendeleo ya Mombasa uliotayarishwa kwa msaada wa shirika la Japani la JICA uliangalia hadi mwaka 2040. Desemba 2019 Kenya na Japani zilitia saini mkataba wa mkopo wa yeni bilioni 47.8 kwa sehemu ya kwanza ya daraja la Likoni. Anayelipa mkopo ni mlipa kodi, hata yule ambaye hajawahi kumiliki gari.

Mombasa ina bahati moja ambayo miji mingi haina. Wahandisi wa Nairobi au Eldoret wakitaka kupima kama modeli yao inasema kweli, huchora mstari wa kufikirika kukata mji na kuhesabu wanaopita. Sisi mstari wetu umechorwa na maji. Ukitoka kisiwani au ukiingia unapitia Nyali, Makupa, Kipevu au Likoni; anayevuka kwa mashua ni wa kuhesabika kwa vidole. Ukiwaweka watu wa kuhesabu kwenye milango hiyo minne siku moja, umepata ukweli wa kisiwa kizima. Na kisiwa chenyewe ni somo. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ililala na watu 154,171 usiku wa sensa, kama mtu mmoja kwa kila wanane wa kaunti. Mchana ni mambo mengine: ofisi za serikali, mahakama, Hospitali Kuu ya Pwani, Marikiti, Mwembe Tayari, vyuo, bandari ya Kilindini. Kisiwa kinalala kidogo na kuamka kikubwa, na modeli inayoangalia vitanda tu haitaelewa kwa nini Nyali hufunga saa moja asubuhi.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Njia rahisi ya kukadiria safari ni kupata wastani wa safari kwa kila kaya, kisha kuzidisha kwa idadi ya kaya. (Kaya hapa ni ya watu wa takwimu, yaani watu wanaokula chungu kimoja, si misitu mitakatifu ya Wamijikenda.) Sensa ya 2019 ilizipata kaya 378,422 Mombasa, ndani yake watu 1,208,333. Kwale zilikuwa kaya 173,176 zenye watu 866,820. Gawanya mwenyewe: Mombasa ni kama watu 3.2 kwa kaya, Kwale ni 5. Kilifi nayo inakaribia 5.

Sababu tunazijua. Mombasa kijana mmoja anakodi chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, na kila mlango ni kaya. Kwale nyumba moja ina babu, wajukuu na shangazi.

Tuseme, kwa mfano tu, mtafiti amepata Mombasa kwamba kila kaya hufanya safari 6 kwa siku. Akiichukua 6 hiyo na kuipeleka Kwale kwa kaya, atapata safari kama 1,039,000. Akiigeuza kwanza kuwa safari kwa kila mtu na kuzidisha kwa watu wa Kwale, atapata kama 1,625,000. Tofauti ni safari 586,000 kwa siku, na hajabadilisha ukweli wowote, amebadilisha tu kigawanyo. Wala jibu la pili si sahihi zaidi kwa kuwa ni kubwa. Nyumba ya watu watano yenye watoto watatu wa nursari haitembei kama wapangaji watano wanaofanya kazi bandarini. Ndiyo maana kazi nzuri huzigawa nyumba kwa makundi: wangapi wanaishi humo, wangapi wana kazi, wangapi wanasoma, kuna pikipiki au gari, kipato kikoje. Kila kundi linapewa kiwango chake cha safari. Kazi hiyo inataka dodoso za kutosha kutoka kila kundi na kila eneo, na dodoso zinagharimu. Panapokosekana pesa, kundi la Jomvu huazimwa kiwango cha Nyali, na la Matuga huazimwa cha Likoni.

Hata dodoso zenyewe zina mapungufu yake. Mtafiti anabisha hodi mchana, anamkuta mtu mmoja, na huyo mmoja anajibu kwa niaba ya wote. "Baba alikwenda kazini akarudi." Je, baba alipitia msikitini? Alisimama Kongowea kununua mboga? Hayo hayasemwi. Marekani watafiti walipowapa watu vifaa vya GPS na kulinganisha na yale waliyoandika kwenye shajara zao, waligundua kuwa safari nyingi, hasa fupi, hazikuandikwa kabisa. Kwetu ambako safari fupi ni za miguu, ni rahisi zaidi kusahaulika. Mtoto anayetembea kilomita mbili kwenda shule hahesabiwi kuwa "amesafiri" na mtu yeyote nyumbani kwao.

Wanaopotea zaidi ni akina mama. Mchukue mama wa Mtongwe anayempeleka mtoto shule, anavuka hadi Marikiti kuchukua mzigo, anapita hospitalini kumjulia hali mgonjwa, kisha anarudi kibandani kwake kuuza. Kwenye dodoso iliyojazwa na mumewe hiyo ni safari moja ya kwenda na kurudi. Ukiihesabu vizuri ni tano au sita, na kadhaa kati yake hazianzi wala haziishii nyumbani. Modeli ina kikapu maalumu cha safari za aina hiyo, na kwa kawaida ndicho kikapu kinachotoka kitupu kuliko vyote.

Upande wa pili wa hesabu, ule wa maeneo yanayovuta safari, una upofu wake. Kiwanda kina orodha ya wafanyakazi, na benki pia. Lakini takwimu za KNBS mwaka baada ya mwaka zinaonyesha kuwa zaidi ya kazi 8 kati ya 10 nchini, ukiacha kilimo kidogo kidogo, ziko kwenye sekta ya jua kali. Mtu akijaza safu ya ajira kwa kutumia orodha za waajiri rasmi, eneo la viwanda la Changamwe litavuta watu na Kongowea itaonekana kama uwanja mtupu. Aliyewahi kupita Kongowea alfajiri anajua kichekesho hicho.

Wengine hukwepa usumbufu huo wote kwa kuchukua viwango vya vitabuni. Kitabu mashuhuri zaidi ni cha Taasisi ya Wahandisi wa Usafiri ya Marekani, ITE, kinachoeleza kila aina ya jengo huzaa safari ngapi za magari. Marehemu profesa Donald Shoup wa chuo kikuu cha UCLA alikichambua na kuonyesha mfano mmoja ambao haukosi kuchekesha. Toleo la 1987 lilisema mkahawa wa chakula cha haraka wenye dirisha la kuhudumia magari huzaa safari 632.125 kwa siku kwa kila futi za mraba 1,000. Kiwango kimeandikwa kwa desimali tatu, na kimetokana na mikahawa minane tu, ambayo data zake hazikuonyesha uhusiano wa maana kati ya ukubwa wa jengo na idadi ya magari. Vipimo vingi vya kitabu hicho vilichukuliwa vitongojini Marekani, mahali pa maegesho ya bure na mabasi machache. Kukileta Bombolulu ni sawa na kupima kanga kwa kipimo cha viatu.

Basi modeli imejengwa. Sasa inafika siku ya kuipima, kama mizani ya dukani inavyopimwa na mkaguzi kwa jiwe linalojulikana uzito wake. Jiwe letu ni hesabu ya kivukoni. Tuseme modeli inatoa mara 200,000 za kuvuka Likoni na hesabu ya kivukoni inasema 300,000. Mhandisi ana mkutano Jumatatu. Njia ya mkato ipo: zidisha kila kitu kwa 1.5, na namba zinalingana. Ripoti itaandika kuwa modeli "imelinganishwa na hali halisi".

Hapo ndipo ninapoona hatari yote ilipo. Upungufu ule wa 100,000 unaweza kuwa na sababu tano tofauti. Huenda kiwango cha safari kwa kaya ni kidogo. Huenda kaya zenyewe zimeongezeka tangu 2019. Huenda ajira za kisiwani zimehesabiwa pungufu, au safari za Likoni zimeelekezwa kimakosa Diani badala ya mjini. Na huenda modeli iko sawa na hesabu ya kivukoni ndiyo yenye kasoro. Tukumbuke, magari hulipa na kila gari lina risiti, lakini waendao kwa miguu huvuka bure, na pasipo tiketi mtu hukadiriwa kwa ujazo wa feri. Kuzidisha kwa 1.5 hakutibu hata moja kati ya hizo. Ukizidisha kaunti nzima, umeongeza pia safari za Kisauni zinazopita Nyali, ambazo pengine zilikuwa zimeshalingana. Ukizidisha Likoni peke yake, umeweka kiraka ambacho kitasafiri na modeli hadi mwaka 2040, wakati feri huenda haitakuwepo na kiraka chenyewe kilishonwa kwa tabia za feri.

Dawa inajulikana kwa kila mhandisi wa fani hii, ila inachosha. Kwanza linganisha viwango kwa makundi ya nyumba, kabla hata ya kugusa hesabu za barabarani. Kisha tumia baadhi ya hesabu za milangoni kurekebishia, na zile nyingine zifungie kabatini. Modeli ikishakamilika, fungua kabati uone kama inabashiri hesabu ambazo haikuonyeshwa. Mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani hajafaulu kitu. Kisiwa chenye milango minne kinaruhusu jambo hilo bila gharama kubwa: rekebisha kwa Nyali na Makupa, jaribu kwa Likoni na Kipevu.

Liko tatizo jingine ambalo hesabu ya kivukoni haiwezi kulitibu hata ikiwa safi kama theluji ya Kilimanjaro. Hesabu hiyo inawapima waliovuka. Haiwapimi waliotaka kuvuka wakaghairi. Foleni ya saa nzima na msukumano wa jioni humfanya mzee wa Shika Adabu aahirishe kliniki, na fundi wa Likoni akatae kazi ya Tudor. Kazi na shule watu watakwenda tu, lakini safari za hiari hufa kimyakimya. Kwa hiyo kiwango cha safari kinachopimwa Likoni leo kimebanwa na feri, na anayekitumia kubashiri maisha baada ya daraja atabashiri kidogo mno kwa upande huo.

Sisemi kwamba namba kubwa ndiyo salama. Uzoefu wa dunia unaelekea kinyume. Mwaka 2005 Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 210 ya usafiri katika nchi 14. Kwenye reli, miradi 9 kati ya 10 ilikuwa imebashiriwa abiria kupita kiasi, kwa wastani wa asilimia 106. Kwenye barabara, nusu ya miradi ilikosea kwa zaidi ya asilimia 20, kwenda juu au kwenda chini. Anayetaka mradi ukubaliwe anapenda namba nono, na 300,000 inayosomwa kama watu badala ya mara za kuvuka ni nono hasa.

Daraja la kuelea la Liwatoni tumelisahau mapema mno. Lilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 1.9 kupunguza msongamano wa wakati wa korona, likaanza kutumika mwanzoni mwa 2021 kati ya Liwatoni na Ras Bofu, urefu wake zaidi ya mita 800. Wenye miguu walikuwepo kwa maelfu. Lakini halikuwa pale matatu zinapowashusha, na lilikuwa likifunguliwa kupisha meli. Wengi waliendelea na feri, na miaka michache baadaye likafungwa. Wingi wa safari kwa jumla haukulisaidia, kwa sababu hakuna aliyejiuliza safari hizo zinaanzia mlango upi na kuishia wapi. Daraja lililoinuliwa juu ili meli zipite chini litakuwa na miinuko mirefu ya kupandia, na swali hilohilo litarudi: katika zile 300,000, ni wangapi wataweza kulipanda kwa miguu, na wangapi watageuzwa kuwa abiria wa kulipa nauli ya matatu kwa kitu walichokuwa wakikipata bure?

Wakati huohuo ardhi imebadilika chini ya miguu ya takwimu. Yale magari 6,000 yalikuwa yakitajwa tangu kabla barabara ya Dongo Kundu haijafika Kibundani. Leo lori au gari la kwenda Diani halilazimiki kuingia kisiwani kabisa. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu likijaa viwanda, asubuhi za Likoni huenda zikaanza kuelekea upande mwingine. Modeli yoyote iliyopimwa kwa jiwe la zamani inapaswa kurudishwa kwa mkaguzi.

Katiba, kifungu cha 35, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa mkaazi haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Mikutano ya kukusanya maoni ikija, si lazima tuulize tu daraja litaanza lini. Tuombe jedwali la viwango vya safari kwa kila kundi la kaya, na tuulize dodoso ngapi zilijazwa Likoni na ngapi Kwale. Tuulize modeli ilizidishwa kwa ngapi ili ilingane na kivuko, na kwa sababu gani. Jedwali hilo ni ukurasa mmoja au miwili, na mwalimu wa hesabu wa sekondari yoyote ya hapa anaweza kutusomea.

Na hesabu ya kivukoni irudiwe. Wiki moja ya kawaida shule zikiwa wazi, nyingine ndani ya Ramadhani, maana saa za kutoka na kurudi hubadilika kabisa mwezi huo. Waendao kwa miguu wahesabiwe mmoja mmoja wakipanda na wakishuka, ng'ambo zote mbili, kuanzia feri ya kwanza ya alfajiri. Kila mmoja wa kumi aulizwe maswali matatu: umetoka wapi, unakwenda wapi, na leo utarudi?